Chumbe: mnara wa taa na mwamba ulionusurika

Kusini mwa Mji wa Zanzibar, umbali wa kilomita 12 hivi, kipo kisiwa kidogo cha jiwe la matumbawe kiitwacho Chumbe. Kinachoanza kuonekana kutoka baharini ni mnara wa taa uliojengwa na Waingereza mwaka 1904. Panda ngazi zake, zaidi ya 130, ufike juu: upande mmoja Unguja, upande wa pili mkondo wa meli ziendazo Dar es Salaam.

Mkondo huo ndio ulioiokoa Chumbe. Kwa kuwa meli hupita magharibi ya kisiwa, na jirani kuna kambi ya jeshi, uvuvi ulikatazwa upande huo kwa miaka mingi. Kwingineko baruti na juya vilivunja miamba. Hapa matumbawe yakasalia. Mwaka 1994 Serikali ya Zanzibar ikautangaza mwamba wa upande huo na msitu wa kisiwa kuwa hifadhi, vikakabidhiwa kampuni isiyotafuta faida.

Kinachonivutia zaidi ni walinzi wake. Wengi walikuwa wavuvi wa vijiji jirani. Hawabebi silaha; chombo kikiingia mpakani, huwafuata wavuvi wakazungumza nao, wakiwaeleza kwamba samaki wanaozaliana hapa hutoka wenyewe kwenda kwenye maji ya kuvulia. Mvuvi humsikiliza mvuvi mwenzake. Naamini ulinzi wa namna hii unadumu kuliko wa bunduki.

Vaa miwani ya kuzamia uone kilicholindwa: chewa, pono, kasa, na samaki wa aina zaidi ya 400. Nchi kavu wamo paa nunga, walioletwa kutoka Unguja walikokuwa wakiwindwa huku misitu ikikatwa. Usiku hutoka kaa wa minazi, mkubwa kuliko kaa wote wa nchi kavu duniani.

Nyumba za wageni ni saba tu. Maji yake ni ya mvua inayokingwa mapaani, na vyoo havitumii maji kabisa. Gharama ya kulala ni nzito kwa wengi wetu, lakini fedha za wageni ndizo zinazolipia ziara za wanafunzi wa Zanzibar. Watoto wengi waliozaliwa ufukweni huwa hawajawahi kuona matumbawe hai. Walimu, ombeni nafasi hiyo, na msiwaache wasichana nyuma.