Picha Iliyokunjwa na Picha Iliyokamuliwa

Mashariki ya mkoa wetu wa Singida, katika nchi ya Kondoa, iko michoro ya kale juu ya miamba. Watu wa zamani walichora kwa rangi nyekundu watu wembamba, twiga na tembo. Na wengine waliokuja baadaye walichora kwa rangi nyeupe. Mapango yenye michoro hiyo yapita 150, na mwaka 2006 UNESCO waliyaandika katika orodha ya urithi wa dunia. Lakini jua, mvua, upepo na mikono ya watu huifuta michoro kidogo kidogo. Mwaka 1951 Bibi Mary Leakey aliinakili mingi kwa mkono. Siku hizi wataalamu hutumia kamera, na picha huwekwa katika kompyuta. Basi mchoro ukifutika mwambani, picha ndiyo itakayobaki kuwa shahidi. Kwa hiyo yatupasa kujua jinsi picha inavyohifadhiwa.

Picha ndani ya kompyuta ni safu nyingi za vitone vidogo mno, mfano wa shanga zilizopangwa karibu karibu. Kila kitone kina hesabu tatu: moja ya wekundu, moja ya kijani, na moja ya buluu. Kila hesabu ni kati ya 0 na 255, nayo huchukua nafasi iitwayo baiti moja. Picha yenye vitone 4,000 kwa upana na 3,000 kwenda juu ina vitone 12,000,000. Nayo yahitaji baiti 36,000,000. Faili la aina ya BMP aghalabu huandika hesabu hizo zote moja moja, pasipo kufupisha. Ni zito, lakini ni rahisi kusomwa.

Kwa sababu ya uzito huo watu walitafuta njia za kuibana picha, nazo ni mbili.

Njia ya kwanza ni kama kukunja mkeka. Tuseme safu moja ina vitone 5 vyeupe, 2 vyekundu, kisha 5 vyeupe. Badala ya kutaja rangi mara 12, kompyuta yaweza kuandika: nyeupe 5, nyekundu 2, nyeupe 5. Aina ya PNG, iliyotolewa mwaka 1996, ni ya jamii hii, ingawa hesabu zake ni za ndani zaidi. Mkeka ukikunjuliwa hurudi vile vile ulivyokuwa, wala hapana ukindu uliopotea.

Njia ya pili ni kama kukamua alizeti. Mafuta ni mepesi kuchukua kuliko magunia ya mbegu, na yafaa sana jikoni. Lakini nani awezaye kuyageuza yawe mbegu tena? Ndivyo ilivyo aina ya JPEG, iliyowekwa mwaka 1992. Huigawa picha katika miraba midogo ya vitone 8 kwa 8, kisha hutupa tofauti ndogo ambazo jicho halizitambui upesi. Baiti milioni 36 zaweza kubaki milioni 4 tu. Aina ya WebP, iliyoletwa na Google mwaka 2010, yaweza kufuata njia yo yote ya hizi mbili.

Sasa, kwa nini mtu ageuze WebP au JPEG kuwa BMP? Kwa sababu ziko programu za zamani zisizozijua aina mpya. Kazi yenyewe hufanywa na programu, kama ile iitwayo GIMP. Hulisoma faili lililobanwa, hupiga hesabu ya kila kitone, kisha huandika vitone vyote katika faili jipya. Wengine hudhani yatosha kubadili jina la faili, waondoe mkia wa .webp na kuweka .bmp. Sivyo. Ukiandika neno “asali” juu ya kibuyu cha maji, yaliyomo hubaki maji. Faili la BMP la kweli huanza kwa herufi BM, na la WebP kwa herufi RIFF.

Tena shikeni neno hili lililo kuu. JPEG ikigeuzwa kuwa BMP, faili hukua sana, lakini kilichotupwa hakirudi. Jon Harman, Mmarekani, alitunga programu iitwayo DStretch, ambayo huzidisha rangi hafifu za michoro ya miambani hata mistari isiyoonekana kwa macho ikaonekana. Picha ikiwa imekamuliwa mno, programu hiyo huzidisha ile miraba ya JPEG pia, na pengine mstari hafifu wa mchoraji umekwisha kupotea. Kuigeuza wakati huo kuwa BMP hakuwezi kuuponya.

Kwa hiyo mtunzaji mwenye busara huweka kwanza picha nzima, isiyopunguzwa. Kisha hutoa nakala iliyobanwa ya kupeleka kwa wengine. Mkulima naye hakamui mbegu zake zote: huweka akiba ya kupanda.

MASWALI
1. Picha yenye vitone 200 kwa 100 yahitaji baiti ngapi pasipo kubanwa?
2. Kukunja mkeka na kukamua alizeti hutofautianaje?
3. Kwa nini kubadili jina la faili hakugeuzi picha?