Mpanda Baiskeli Naye Apate pa Kutua Mzigo

Kila siku alfajiri, kabla jua halijachomoza juu ya vilima vya Kigali, barabara itokayo Musanze huwa imekwisha kuingiliwa na watu wa baiskeli. Huteremka Shyorongi kuelekea Nyabugogo, huyu amefunga magunia ya viazi juu ya karia, yule mikungu ya ndizi, mwingine madumu ya maziwa, na mara nyingi shehena hiyo huwa nzito kuliko mtu mwenyewe. Alasiri watu hao hao huonekana wakiupanda mlima ule ule kurudi makwao. Wengi husukuma kwa miguu. Lakini wapo wasiosukuma: hulivizia lori liendalo polepole, wakajishika nyuma yake kwa mkono mmoja, nalo likawavuta hadi kileleni. Wapo ambao hawakufika.

Polisi wa Rwanda wamekemea mtindo huo mara nyingi, tena wamekuwa wakiwakumbusha waendesha baiskeli kwamba ifikapo saa 12 jioni wawe wameondoka katika barabara kuu. Amri hiyo ina busara. Hata hivyo, yafaa tujiulize kinachompata mtu aliyetoka sokoni akiwa amechoka, maji yamemwishia, naye yuko katikati ya mlima. Nchi hii iko karibu na Ikweta, na jua huzama kiasi cha saa hiyo ya 12 mwaka mzima. Mtu huyo hana pa kulala wala pa kuihifadhi baiskeli yake, ambayo pengine ndiyo mali yake yote. Lori linapopita mbele yake, tusistaajabu akilishika.

Mnamo tarehe 21 hadi 28 Septemba, 2025, Kigali ilikuwa mwenyeji wa mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani, yaliyofanyika kwa mara ya kwanza katika bara la Afrika. Siku ya mwisho wanaume walishindana katika mwendo wa km 267.5, na kati ya zaidi ya 160 walioanza, ni 30 tu waliomaliza. Ulimwengu mzima ukatambua jinsi vilima vya Kigali vilivyo vikali. Lakini washindani wale walifuatwa na magari yenye maji, chakula, mafundi na baiskeli za akiba. Mchukuzi wa viazi huvipanda vilima vya nchi hii bila hata bomba moja la maji njiani.

Wako pia wageni wa safari ndefu: wale wanaofuata njia ya Kongo-Nile, km 227 kandokando ya Ziwa Kivu kutoka Rubavu hadi Rusizi, na wale wa mbio za kuizunguka nchi, kiasi cha km 1,000, zianziazo Kigali, ambamo kila mshindani hujitegemea mwenyewe. Katika njia ya Kongo-Nile msafiri hupata kambi za kulala. Tatizo ni kwamba mabanda ya namna hiyo mara nyingi hubuniwa kwa kumfikiria mgeni kwanza. Maoni yetu ni kwamba yafaa kufanya kinyume chake. Banda lililopimwa kwa kimo cha mchukuzi na gunia lake litamtosha mtalii pia, lakini banda lililopimwa kwa mtalii halitamfaa mchukuzi.

Chukua jambo moja dogo. Baiskeli yenye gunia la viazi haisimami kwa kile chuma chake cha kuegeshea. Lazima mtu aishike, au aitegemeze kwa gongo lenye panda, na gongo likiteleza, mzigo wote huwa chini, na kuupandisha tena kwataka watu wawili. Kwa hiyo kitu cha kwanza kujengwa, kabla hata ya viti, ni ukuta mfupi wa matofali wenye kimo cha karia, kama sentimeta 70, ambao baiskeli itaegeshwa ubavuni pake na gunia likakaa juu yake. Mwenye baiskeli atafungua mikono na kujinyoosha. Na kwa kuwa hatakubali kuiacha mali yake mbali na macho, benchi lake liwe hatua moja tu kutoka hapo, na pale atakapolala usiku pawe na nafasi ya baiskeli ndani. Wapagazi wa zamani, katika njia ya Bagamoyo hadi Ujiji, walipiga kambi penye maji, nao walilala kando ya mizigo yao. Mahitaji hayo hayajabadilika.

Kuhusu paa, nyasi hazina nafasi, kwani nyumba za nyasi, zile ziitwazo nyakatsi, ziliondolewa nchini kwa kampeni iliyofikia kilele chake mwaka 2011. Mabati ni rahisi, ila mchana huchoma kama kikaango. Lakini mfano mzuri uko hapa hapa Kigali. Uwanja wa kriketi wa Gahanga, uliofunguliwa mwaka 2017, umeezekwa kwa kuba za vigae vyembamba vya udongo, uliochanganywa na saruji kidogo na kushindiliwa kwa mashine bila kuchomwa motoni. Hivyo hapakukatwa kuni. Baina ya tabaka za vigae ukatandazwa wavu wa kuimarisha, kwa sababu nchi iko kando ya Bonde la Ufa na ardhi yake hutetemeka. Kuba ndogo ya namna hiyo ingetosha kabisa kufunika baiskeli kumi. Na huko Kayonza, kwenye barabara ya kwenda Rusumo, kituo cha wanawake kilichokamilika mwaka 2013 kilijengwa kwa matofali yaliyofyatuliwa na wanawake wenyewe. Kuta zake zina matundu ya kupitisha hewa, na mapaa yake hukinga maji ya mvua.

Maji ndiyo hesabu kubwa. Kigali hupata mvua ya kiasi cha milimita 1,000 kwa mwaka. Paa la mita 40 za mraba hupokea lita 40,000. Tukitoa robo kwa ile inayopotea, zinabaki 30,000. Kiangazi kirefu huanza Juni hadi Agosti, siku 92. Ikiwa wapanda baiskeli 50 watakunywa lita mbili kila mmoja kwa siku, zitahitajika lita 9,200. Basi tangi la lita 10,000, lililojaa mwishoni mwa masika, lingewavusha wote, mradi maji machafu ya mvua ya kwanza yamwagwe kando na yale ya kunywa yatakaswe.

Linalobaki ni mtunzaji, na hapa ndipo majengo mengi mazuri yanapokufa. Bomba likilegea wiki moja bila mtu wa kulikaza, tangi huwa tupu. Wabeba abiria na mizigo kwa baiskeli, abanyonzi, wana vyama vyao vya ushirika. Chama kikabidhiwe banda, nacho kimpe fundi baiskeli pembe moja bila kodi, kwa sharti la kufagia, kutunza bomba na kulaza wasafiri. Mifereji ya maji ya nje yaweza kuzibuliwa na wananchi wakati wa umuganda, Jumamosi ya mwisho wa mwezi.

Banda la kwanza lingefaa kujengwa juu Shyorongi, nje kidogo ya lami, mahali ambapo apandaye amechoka na ateremkaye hajaanza kushika kasi. Wengi hupunguza mwendo kwa kukandamiza gurudumu kwa soli ya kandambili. Fundi akiwa pale na spana, viraka na nyaya za breki, mzigo wa viazi ungeteremka Nyabugogo kwa breki zilizokwisha kukaguliwa.