Woga Unaotengenezwa kwa Mikono



Jioni moja mtaani Kadutu umeme ulikatika, kama tulivyozoea katika mji wetu wa Bukavu. Vijana watano walikuwa wameketi kwenye benchi, wameizunguka simu moja. Walitazama filamu fupi, isiyofika dakika tatu. Mara wote wakapiga kelele pamoja, na mdogo wao, mtoto wa miaka tisa, akamkimbilia mama yake. Usiku ule hakukubali kwenda chooni peke yake. Nikawauliza, “Mmeona nini?” Wakatazamana. Mmoja akajibu, “Mwalimu, hatukuona sana. Kulikuwa na kivuli tu.”

Jibu hilo lilinifikirisha. Watu watano wameshtushwa na kitu ambacho karibu hawakukiona! Basi yafaa tujiulize: woga huo ulitoka wapi? Nawaambieni, ulitengenezwa kwa mikono, kama vile fundi atengenezavyo kiti. Tuzitazame hila za fundi huyo moja moja.

HILA YA KWANZA: KUFICHA

Filamu ile yaitwa Lights Out. Msweden David F. Sandberg aliitengeneza mwaka 2013 nyumbani kwake, na mchezaji ni mkewe, Lotta Losten. Mwanamke yu peke yake usiku. Anazima taa, na mwisho wa ujia anaona umbo la mtu limesimama. Anawasha taa: hakuna kitu. Anazima tena: umbo lipo. Hakuna jeshi wala mto wa damu. Fundi amemnyima mtazamaji mwanga, basi. Sura ya kiumbe kile haionekani ila mwishoni, kwa kitambo kidogo. Kabla ya hapo mtazamaji mwenyewe ndiye anayeichora moyoni mwake, na kila mtu huchora kile anachokiogopa kuliko vyote. Ndiyo sababu filamu ya Sweden yaweza kumtisha mtoto wa Kadutu, ambaye taa za kwao hujizima zenyewe.

Hila hii ni ya zamani. Steven Spielberg alipotengeneza filamu ya Jaws, iliyoonyeshwa mwaka 1975, habari za samaki papa mla watu, papa wake wa mashine aliharibika mara kwa mara baharini. Ikambidi aonyeshe maji matupu, na muziki wa John Williams, wenye noti mbili zinazorudiwa, utangaze kwamba mnyama yu karibu. Kumbe maji matupu yalitisha kuliko mashine!

HILA YA PILI: SAUTI NA KIMYA

Katika filamu ya Cat People, ya mwaka 1942, iliyoongozwa na Jacques Tourneur, mwanamke anatembea usiku na kusikia hatua za viatu nyuma yake. Halafu hatua zinanyamaza. Anageuka, haoni mtu. Mara unasikika mlio mkali kama wa chui; kumbe ni basi linasimama kando ya barabara. Watazamaji waliruka vitini kwa sababu ya basi! Kimya ndicho kilichowaandaa, na mlio ukamaliza kazi.

Tena kuna Psycho ya Alfred Hitchcock, ya mwaka 1960, ambamo mwanamke anauawa akioga. Bernard Herrmann alitunga muziki wa vinanda vya nyuzi vinavyolia kama ndege aliyekamatwa. Sauti ya kisu ilipatikana kwa kuchoma matikiti, na damu ilikuwa maji mazito ya chokoleti. Mjue, enyi wanafunzi: matikiti na chokoleti!

HILA YA TATU: KUNGOJESHA

Hitchcock huyo, aliyesomeshwa na Mapadri Wajesuiti mjini London, alieleza ufundi wake kwa mfano. Watu wanazungumza mezani, na bomu linalipuka ghafla: watazamaji wanashtuka kwa sekunde 15. Lakini ukiwaonyesha kwanza bomu lililofichwa chini ya meza, na saa ukutani, mazungumzo yale yale ya kawaida yatawatia jasho kwa dakika 15. Mshtuko hupita upesi. Kungoja ndiko kunakotesa. Filamu fupi haina dakika 15 za kutumia. Kwa hiyo hurudia tendo moja mara mbili au tatu, hata mtazamaji ajue kwamba mara ijayo litatokea jambo.

HILA YA NNE: KUUNGANISHA

Hila hii ndiyo kubwa, nami naomba muisome polepole. Yapata mwaka 1920, Mrusi Lev Kuleshov alichukua picha ya uso wa mchezaji mmoja, uso uliotulia, usiocheka wala kulia. Akaiunganisha na picha ya sahani ya chakula, kisha na picha ya maiti katika jeneza. Kama alivyosimulia mwenyewe, watazamaji walimsifu mchezaji: jinsi alivyoona njaa, jinsi alivyohuzunika! Lakini uso ulikuwa ule ule. Maana haikuwamo usoni. Ilizaliwa mahali picha mbili zilipoungana, yaani katika akili ya mtazamaji.

KUTOKA SINEMA MPAKA KIJIJINI

Pengine mzazi atasema, “Mwalimu, hayo ni mambo ya mchezo.” La, si mchezo tu. Mwaka 2021, huku kwetu Kivu ya Kusini, katika Kabare, Kalehe na Walungu, wanawake wazee waliuawa na makundi ya watu kwa kushtakiwa uchawi, wengine wakiwa wametajwa na watu waliojidai kuwa na kipaji cha kuwatambua wachawi. Wale wazee walikuwa mama na bibi za watu.

Tazameni sasa hila zile nne. Ugonjwa ambao sababu yake imefichika. Sauti ya mnong'ono usiku. Siku za kungoja nani atafuata kufa. Halafu picha mbili zinaunganishwa: mtoto aliyekufa, na uso wa bibi kizee jirani, mwenye macho mekundu kwa moshi wa kuni wa miaka mingi. Uso ni ule ule wa jana. Ni sisi tuliouunganisha na jeneza. Katika sinema, taa zikiwashwa, mchezaji huinuka na kwenda nyumbani. Bibi yule hakuinuka.

TUFANYE NINI?

Kanisa halikuchukia sinema. Pius XI aliandika juu yake mwaka 1936, na Pius XII mwaka 1957 akataka watazamaji wafundishwe kuzitambua filamu. Hapa Bukavu penyewe, kabla ya uhuru wa 1960, Padri Roger De Vloo wa Mapadri Weupe alitengeneza filamu chini ya jina la Africa Films. Siku zile wakoloni wengi walidhani kwamba Mwafrika hawezi kufuata filamu yenye picha za kukatwa na kuungwa upesi. Vijana wetu wamewakanusha. Lakini kufuata si kuchungua.

Basi, wazazi, watoto wadogo msiwaachie simu usiku; woga wa mtoto haujui kwamba damu ni chokoleti. Nanyi wanafunzi, mkitishwa na filamu, itazameni mara ya pili bila sauti. Ulizeni: Nimefichwa nini? Nimengojeshwa kwa njia gani? Nani ameunganisha picha hii na ile, na kwa faida ya nani? Maswali hayo hayo yaulizeni mtu akija na habari, au picha katika simu, ya kumshtaki jirani.

Vijana wale watano tuliitazama pamoja siku ya pili, mchana, bila sauti. Yule mdogo ndiye aliyecheka wa kwanza.

Injili yatuambia kwamba Mitume, usiku, ziwani, katika upepo mkali, walimwona mtu akitembea juu ya maji, wakalia kwa hofu wakidhani ni mzuka. Giza, dhoruba na umbo la mbali vilikuwa vimeungana mioyoni mwao. Wakaisikia sauti yake, wakamtambua: ndiye Bwana aliyewapenda. Nasi, kabla ya kumwita jirani mzuka, tumkaribie na kuisikia sauti yake.