Elimu Iliyomo Katika Mwendo wa Mchukuzi wa Maji

Katika vyuo vikuu hufundishwa somo la bayomekaniki, yaani elimu ya jinsi mwili wa binadamu unavyojiendesha: mifupa ni nyenzo, misuli ndiyo inayovuta. Mwalimu wa somo hili hapa Juba hana haja ya kutafuta mifano mbali. Na asimame kando ya njia Lemon Gaba, amtazame mwanamke aliyejitwika dumu la maji.

Kwanza aeleze mwendo wenyewe. Katika kila hatua mwili hupanda juu ya mguu uliokanyaga, kisha hushuka mbele, kama yai linalobiringika ncha kwa ncha. Ukipanda, kasi hupungua. Ukishuka, kasi hurudi. Hivyo sehemu kubwa ya nguvu hutumika tena, na misuli hutoa ile iliyopungua tu.

Mwaka 1986 wataalamu, miongoni mwao Maloiy wa Chuo Kikuu cha Nairobi, walitangaza matokeo ya kuwapima wanawake wa Kijaluo na wa Kikuyu nchini Kenya. Wajaluo walichukua mzigo kichwani, Wakikuyu mgongoni kwa ukanda upitao kwenye paji la uso. Ilipopimwa oksijeni waliyoitumia, ikaonekana kwamba mzigo usiozidi asilimia 20 ya uzito wa mwili haukuwaongezea gharama. Mwaka 1995 sababu ikaelezwa: wakiwa na mzigo, wao huiokoa vizuri zaidi ile nguvu ya kupanda na kushuka. Lakini vipimo vya Afrika Kusini vilivyotangazwa mwaka 2010 vilionyesha kuwa si kila mchukuzi hupata nafuu hiyo.

Sasa tupige hesabu. Asilimia 20 ya mwanamke wa kilo 60 ni kilo 12. Dumu la lita 20 lina maji ya kilo 20, yaani theluthi ya uzito wake. Basi kilo 8 zimepita kiasi, nazo hazichukuliwi bure. Tena oksijeni hupima nguvu inayotumika, haipimi maumivu ya shingo.

Kwa hiyo asemaye, "Wanawake wamezoea," hajamaliza hesabu. Somo hili likifundishwa kwa mizani na saa, litatuonyesha mzigo ufaao na umbali ufaao wa bomba. Nasi wavulana, tusingoje chuo: dumu la pili tulichukue sisi.