Ihefu na Kizingiti cha Ng'iriama
(Sehemu ya Pili)

Juma lililopita tulieleza maana ya ardhioevu, na tukaona kuwa Tanzania iliridhia Mkataba wa Ramsar mwaka 2000. Leo tushuke Usangu, mkoani Mbeya, tuone jinsi fedha inavyoweza kuiponya ardhioevu au kuikausha.

Mito ya milima ya Uporoto na Kipengere huteremka hadi tambarare ya Usangu, ikatandaa na kuwa bwawa la matete. Hilo ndilo Ihefu. Upande wake wa kaskazini, mahali paitwapo Ng'iriama, mwamba umelala kama kizingiti cha mlango. Maji yakipanda juu ya mwamba huo, mto Ruaha Mkuu huendelea na safari: hupita Hifadhi ya Taifa Ruaha, huingia bwawa la Mtera lenye mitambo ya megawati 80, kisha Kidatu yenye megawati 204. Yakishuka chini ya kizingiti, mto hukatika. Ndani ya Ihefu maji yangalipo, lakini huko hifadhini viboko hubanana kwenye madimbwi ya tope.

Tangu miaka ya mwanzo ya 1990 hali hiyo imekuwa ikijirudia kiangazi baada ya kiangazi. Nani kayala maji? Mwaka 2006, nchi ikiwa kwenye mgawo wa umeme, lawama ziliwaangukia wafugaji, ng'ombe wakaondolewa. Mwaka 2008 Ihefu likaingizwa ndani ya hifadhi. Mto ukaendelea kukauka.

Sehemu kubwa ya jibu iko juu zaidi, kwenye banio, yaani kizuizi kinachogeuzia maji ya mto kwenye mfereji wa mashamba. Zamani mkulima wa mpunga aliziba mto kwa magogo, mawe na nyasi. Banio la aina hiyo lilivuja mchana na usiku, na kuvuja kwake ndiko kulikomnywesha aliye chini. Ukaja mtaji, kwa nia njema, yakajengwa mabanio ya zege yenye malango ya chuma. Zege halivuji. Banio moja likaweza kuumeza mto mzima wa kiangazi, mpunga ukiwa umekwishavunwa, maji yakaishia kwenye majaruba matupu, yakanywewa na jua.

Bruce Lankford, mtaalamu wa umwagiliaji kutoka Chuo Kikuu cha East Anglia, Uingereza, alibuni mchezo wa kulionyesha jambo hili, nao ukachezwa na wakulima wa Usangu wenyewe. Ubao mrefu huinamishwa mfano wa bonde, gololi zikamiminwa juu zitiririke kama maji, na vijiti vikawekwa kuwa mabanio. Wa juu hujaza mashamba yao. Wa chini hubaki mikono mitupu. Ndipo mazungumzo ya zamu huanza, bila mtu kuhubiriwa.

Lakini kwa nini lango lisifungwe tu baada ya mavuno? Kwa sababu mfereji uleule ndio mtungi wa kijiji: mama huchota humo maji ya kupikia, ng'ombe hunywa humo. Ukiufunga, umefunga jiko lake. Basi kisima kirefu kijijini, kilomita nyingi kutoka Ihefu, ni uwekezaji katika Ihefu sawasawa na bango la hifadhi, pengine kuliko bango. Vivyo hivyo kipimo cha maji kwenye lango, na posho ya anayelisimamia kwa niaba ya jumuiya ya watumia maji.

Fedha za ardhioevu kwa kawaida huhesabiwa pale zinapotumika: mabanio mangapi yamejengwa, hekta ngapi zimewekewa mipaka. Kwa Usangu hesabu hiyo haitoshi. Mradi wowote wa bonde lile uulizwe swali moja: mwezi Oktoba, maji yamesimama wapi pale kwenye mwamba wa Ng'iriama?

Juma lijalo tutakwenda ghuba ya Gazi, Kwale, ambako wanakijiji wanauza kaboni ya mikoko.