Biolojia si ya wanabiolojia peke yao

Mwanafunzi wa uchumi ao wa hesabu ana kazi gani na chembe, jeni na virusi? Kwenye MIT, chuo kikuu cha teknolojia huko Marekani, kila mwanafunzi, hata yule asiyefikiria kuwa muganga, anapashwa kufaulu kozi moja ya mwanzo ya biolojia mbele ya kupata shahada.

Mmoja wa waalimu waliojulikana sana kwa kozi hiyo ni Eric Lander. Yeye mwenyewe hakuanzia kwenye biolojia. Alipata udaktari wa hesabu huko Oxford mwaka 1981, akafundisha uchumi kwenye shule ya biashara ya Harvard, na biolojia akaijifunza akiwa tayari mwalimu. Februari 2001, jina lake lilikuwa la kwanza kwenye andiko lililotangaza ramani ya jeni za mwanadamu. Mwaka 2013 kozi yake iliingia pia kwenye intaneti, bure, ila kwa Kiingereza.

Kwetu Kivu Kaskazini na Ituri, jambo hili si la mbali. Ebola ya 2018 mpaka 2020 iliua watu zaidi ya 2,200, na Februari 2019 vituo vya matibabu vya Katwa na Butembo vilishambuliwa. Sababu zilikuwa nyingi: vita, siasa, hasira. Lakini uvumi kwamba Ebola haiko ulitoka pia midomoni mwa watu waliosoma. Mwanasheria, mwandishi wa habari, mwalimu wa historia: hao ndio jirani anawauliza kwanza, mbele ya kwenda hospitali.