Kugundua, Kujitambulisha na Kutambulishwa: Istilahi za Viendeshi vya Kamera

Miongoni mwa maneno yanayowatatiza wafasiri wa maandishi ya kompyuta ni kitenzi “kugundua”. Hutumiwa kwa kila namna ambayo mashine hukijua kifaa kilichounganishwa nayo. Tukichunguza viendeshi vya vihisi vya kamera katika mfumo wa Linux, tutaona kwamba neno hilo moja huficha dhana tatu zilizo mbalimbali.

Ya kwanza ni ya kamera ya USB. Ikichomekwa, mashine huiuliza, nayo hutaja namba ya mtengenezaji wake na ya aina yake. Kifaa hapa “hujitambulisha”.

Ya pili ni ya kihisi kilichofungwa katika njia ya I2C. Njia hiyo haina utaratibu wa vifaa kujitaja. Kwa hiyo programu dhibiti, yaani ile inayoiamsha mashine inapowashwa, huikabidhi Linux maelezo ya maunzi: kwa mti wa vifaa katika mashine kama Raspberry Pi, au kwa majedwali ya ACPI katika kompyuta nyingi za mezani na za mkononi. Maelezo yakitaja “sony,imx219”, kiendeshi chenye jina hilo katika orodha yake huitwa kazini. Kihisi “kimetambulishwa”, hakikugunduliwa.

Ya tatu hufuata hapo. Kiendeshi hukipa kihisi umeme, kisha husoma namba iliyomo ndani yake. IMX219 hutakiwa kujibu 0x0219. Jibu likiwa jingine, kiendeshi hukataa kazi. Huku ni “kuthibitisha”.

Tofauti hizi zina uzito katika kazi. Katika baadhi ya kompyuta za mkononi zenye vichakataji vya Intel, majedwali ya ACPI humtaja mgeni bila kueleza, kwa namna inayofahamika na Linux, jinsi alivyounganishwa na kipokea picha. Toleo la 5.12, la mwaka 2021, liliongezewa programu ya kuziba pengo hilo. Fundi akisoma “kihisi hakikugunduliwa”, atafungua mashine kutafuta waya uliokatika. Akisoma “hakikutambulishwa”, ataanza na maelezo, penye kasoro yenyewe.

Tunapendekeza basi istilahi “kujitambulisha”, “kutambulishwa” na “kuthibitisha”. Mbili za kwanza zina mzizi mmoja, na viambishi vyake vinamwonyesha mwanafunzi nani mtenda na nani mtendwa. “Kugundua” libakie kwa jambo lililokuwa halijulikani. Maoni ya wafasiri na walimu yanakaribishwa.